Titi limeshatolewa, kemo bado: hizi wiki za katikati ufanye nini ukiwa Malindi

Ukirudi nyumbani na kidonda chako na kile kichupa cha kukusanya maji ya kidonda kinaning'inia ubavuni, kila anaekuja kukutazama atakwambia pumzika bibi, pumzika. Sawa, pumzika. Lakini hizi wiki kati ya oparesheni na kemo, zile dawa kali za kuua kansa, zina kazi zake na hakuna hata moja inayojifanya yenyewe, kuna ripoti lazima itoke maabara, kuna mkono lazima unyanyuke, kuna meno, kuna bima, na wa kuzifuatilia ni wewe ama yule uliemuandikisha kwenye faili. Usidhani kuna mtu hospitali kazi yake ni kuamka asubuhi akauliza, yule mama wa Maweni mbona kimya. Mie nimepita hapo, na mengi ya haya nimeyapata kwa wenzangu kwenye benchi la kliniki, walionitangulia.

Tuanze na muda manake ndio unaowatia watu wasiwasi sana. Kemo haianzi kidonda kikiwa kibichi, zile dawa zinachelewesha kidonda kufunga na zinashusha kinga ya mwili, ukianza mapema mno unaweza kuharibu pote. Kwa hivo kungoja wiki 4 mpaka 6 ni jambo la kawaida, hata 8 bado usianze kulia. Kinachoogopwa ni kuchelewa sana. Kuna utafiti wa huko California uliochapishwa 2016, waliangalia wagonjwa zaidi ya 24,000 waliopewa kemo baada ya oparesheni, wale walioanza baada ya siku 90 kupita ndio walioonekana kufanya vibaya, haswa wenye ile aina ambayo vipimo vyote vitatu, ER na PR (vya homoni) na HER2 (ya protini moja ya uvimbe), ni negativu. Sasa chukua kalenda ya ukutani, ile ya bure ya duka, zungushia siku uliyokatwa, halafu hesabu siku 30 na siku 60 uzizungushie pia. Ikifika ya 30 huna hata tarehe ya kliniki ya kansa, ndio uanze kusumbua watu. Usingoje ya 60.

Na jueni si kila aliekatwa titi anapewa kemo, wengine uvimbe ulikuwa mdogo, matezi ya kwapa masafi, aina yake inalishwa na homoni, wanapewa vidonge tu kama tamoxifen. Wengine kemo walishamaliza kabla ya kukatwa. Kwa hivo shoga yako akikwambia mbona mie sikupewa, usianze kubishana nae wala usifikirie daktari wako anakuonea.

Kinachoamua ni ripoti

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapopotezea wiki zetu. Ile nyama iliyotolewa inapelekwa patholojia, inakatwakatwa, inaangaliwa kwa darubini, halafu inaandikwa ripoti. Bila hio ripoti daktari wa kansa hawezi kukuanzishia kitu, atakurudisha nyumbani na wewe umeshatoka Malindi alfajiri na nauli imeshakwenda.

Sasa kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, ama umtume mtu arudi, uliza mambo haya: ile sampuli imepelekwa maabara gani, imepelekwa lini, namba yake ya maabara ni ngapi, na imelipiwa ama kuna pesa inangojwa. Namba ya maabara ndio muhimu kuliko yote, iandike kwenye daftari na uipige picha. Ukiwa nayo unaweza kupiga simu ukauliza, ukiwa huna utaulizwa majina matatu na mwaka wa kuzaliwa na mwisho utaambiwa njoo mwenyewe.

Halafu jua ya kwamba kazi ya maabara iko mara mbili. Ya kwanza inasema ni kansa aina gani, ukubwa wake, gredi yaani ukali wake, 1 ama 2 ama 3, kingo zake ziko safi ama kuna kilichobaki, na matezi mangapi ya kwapa yamepatikana nayo (ukiona 3/14 maana yake yametolewa 14 na matatu ndio yana kansa). Ya pili ndio ile ya ER, PR na HER2, na hii mara nyingi haifanywi mpaka iagizwe na ilipiwe kando. Watu wanapewa ile ya kwanza wanashukuru wanaenda zao, wakifika kliniki wanaulizwa ya pili iko wapi, ndio kwanza inaanza. Kama ya pili ilishafanywa wakati wa baiopsi, kile kipande kilichotolewa mwanzo kupimwa, basi ichukue uende nayo, pengine haitarudiwa.

HER2 inaandikwa kwa namba. 0 na 1+ ni negativu, 3+ ni pozitivu, na 2+ ni hapo katikati hapajulikani, itabidi ifanywe kipimo chengine cha kuangalia jeni yenyewe, na hicho nacho kina bei yake na muda wake. Ikiwa pozitivu kuna dawa inaitwa trastuzumab unapewa pamoja na kemo na kuendelea, kawaida mwaka mzima, na ni ya bei, kwa hivo swali la nani analipa liulizwe mapema na si siku ya dripu.

Mimi ripoti yangu ilikuwa tayari imelala kwenye droo ya ofisi moja, sitaji wapi, inangoja mtu aje kuichukua, na mie niko nyumbani nangoja kupigiwa simu. Nilipokwenda yule kijana wa dirishani akaniambia, mama, ripoti ikitoka tutakuita. Nikamwambia, mwanangu, nisaidie tu uangalie hio namba kwenye kitabu. Akafungua kitabu, akapitisha kidole, akanyamaza, halafu akaenda kwenye droo. Wala hakuwa na ubaya, hakuna aliemwambia kupiga simu ni kazi yake. Basi we nenda, ama mtume mtoto aende kila wiki, salamu nzuri, namba mkononi. Kimya cha hospitali usikihesabu kuwa ni heri.

Ukiipata piga kopi tatu, weka orijino nyumbani kwenye bahasha moja na skeni zako zote, na uipige picha uitume kwenye WhatsApp ya mtu unaemuamini. Simu huanguka baharini jamani.

Kidonda na mkono

Kile kichupa, pima maji kila siku saa ile ile uandike. Wengi wanatolewa ule mpira wa kichupa yakiwa chini ya mililita 30 kwa saa 24, lakini daktari wako ndie atakaesema. Ukishatolewa pengine maji yatakusanyika tena kwapani ama kifuani, unahisi panacheza kama mfuko wa maji, hio si kansa imerudi, inatokea sana. Rudi kliniki watayavuta kwa sindano. Asikutoboe mtu nyumbani na wala usikandwe hapo. Najua kwetu mtu akitoka hospitali lazima aje mama wa kukanda na mafuta yake ya nazi, mwambie akukande miguu na mgongo, kwapa na kifua akuachie.

Mkono wenyewe lakini usiuache umelala. Siku za mwanzo ni mambo madogo, kukunja na kukunjua ngumi, kukunja kiko, kuchana nywele mwenyewe. Mpira ukishatolewa na daktari amekubali, simama ukutani upandishe vidole taratibu mpaka panapovuta, weka alama kwa penseli, kesho upite hapo kidogo. Usipofanya hivo bega linaganda, na ukija kutakiwa miale (ile ya mashine ya kuchoma kansa) unaambiwa nyanyua mkono juu ya kichwa na hauendi. Kukuna nazi kwenye mbuzi ngoja kwanza, na ndoo ya maji, na mtungi wa gesi. Mtakula wali mweupe kidogo, hamtakufa. Ule mkono pia ukinge na vidonda, mwiba wa samaki, makaa ya jiko, kisu, manake matezi yametolewa na ukiingia vijidudu unavimba na huenda usirudi sawasawa.

Kidonda kikiwa chekundu na cha moto, kinatoa usaha ama harufu, ama umepata homa, enda siku hio hio. Kidonda kikioza ni sababu moja kubwa ya kemo kucheleweshwa. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, ama pumzi inakata ghafla, usingoje asubuhi, damu inaweza kuwa imeganda.

Meno, vipimo, na mambo ya ndani

Meno watu wanayadharau. Kemo inatoa vidonda mdomoni, na jino bovu likikuamkia wakati kinga iko chini ni hatari. Enda kwa daktari wa meno sasa, na kama kuna la kung'olewa ling'olewe mapema ili pafunge vizuri, wiki mbili ama zaidi kabla ya dawa ya kwanza.

Vipimo vya damu utafanyiwa vingi, damu yenyewe, ini, figo, hepatitis B, HIV, na mimba kama bado unapata siku zako. Zile za kuhesabu chembe za damu usikimbilie kuzifanya mapema kwa pesa yako, zinatakiwa ziwe mpya karibu na siku ya dawa, ukizifanya wiki tatu kabla utazirudia tu. Hepatitis B usiikwepe, kama unayo bila kujua kemo inaweza kuiamsha. Halafu kama utapewa ile dawa nyekundu, doxorubicin, lazima ufanywe eko, ile picha ya moyo, kwanza, na kwa eko unaweza kupangwa foleni ndefu, kwa hivo uliza siku ya kwanza kabisa kama utaihitaji. Ukiwa na sukari ama presha, zipeleke zikawekwe sawa sasa, kuna dawa za kuzuia kutapika zinazopewa na kemo ambazo zinapandisha sukari juu vibaya.

Na hili liseme hata kama unaona haya, tena mbele ya mume kama yuko: kama bado mnataka mtoto mwambie daktari kabla ya dawa ya kwanza, baadae mambo yanaweza kuwa magumu. Na wakati wa kemo usishike mimba. Vidonge vya uzazi, sindano na kile kijiti cha mkononi vyote ni homoni, mwambie daktari kama unavyo, wengi wanapelekwa kwenye koili ya kopa ama kondomu. Ukiwa unanyonyesha upande uliobaki, hilo nalo uliza mapema.

Bima na safari ya Mombasa

NHIF, ile bima ya serikali ya zamani, ilishakwisha, tangu Oktoba 2024 ni SHA. Piga *147# uangalie kama bima iko hai, wewe na mumeo na watoto. Sisi tusio na payslip tunalipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hivo kama haujalipiwa ndio wakati wa kuwaambia wale wanaokuja na maua na juisi wageuze ziwe M-Pesa, sioni aibu kuyasema hayo. Ilipoanza kiwango cha juu cha kulipiwa kansa kilikuwa shilingi 400,000 kwa mwaka na 150,000 nyengine kutoka mfuko wa magonjwa sugu, na ni kwa nyumba nzima si kwa mtu mmoja. Viwango hivi vinabadilishwa, uliza dirishani vya leo ni vipi na umebakisha ngapi. Na kemo inataka idhini ya bima kabla, karatasi ya daktari inatumwa, inajibiwa, ndio unapewa dawa. Ukifika siku ya dawa idhini bado, unakaa kwenye benchi mpaka jioni.

Wengi wetu tunapelekwa Coast General, Makadara. Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, na ukishapita Kilifi salama bado kuna foleni ya Mtwapa ambayo haina adabu. Kwa kliniki ya asubuhi bora ulale kwa jamaa, Kisauni, Bombolulu, popote, na kwa kemo ya kwanza ndio kabisa usipange kurudi siku hio hio, hujui mwili wako utaipokeaje. Kwenye matatu kaa mbali na injini, chukua kimto kidogo uweke chini ya kwapa, na mkanda upitishe juu ya kimto. Boda usipande kwanza, na tuktuk mwambie mzee pole pole na matuta.

Kliniki usiende peke yako. Nenda na mtu anaeandika, manake wewe ukisikia tu neno kansa masikio yanaziba. Ulizeni majina ya dawa, ni mizunguko mingapi na kila baada ya wiki ngapi, baada yake kuna miale ama vidonge, na nipige simu namba gani usiku nikizidiwa. Hio ya mwisho msitoke bila kuipata.

Nyumbani

Kula. Kuna watu watakwambia sukari inalisha kansa, nyama inalisha kansa, maziwa yanalisha kansa, ukiwasikiza wote utabaki na maji na muhogo. Sasa hivi mwili unataka kujenga nyama, samaki, mayai, kunde, mbaazi, kuku, uji wenye maziwa. Ukienda kwenye kemo umekonda mifupa ndio utateseka.

Dawa za miti nazo zitaletwa, mwarobaini, habasoda, na mzizi wa kutoka huko Marafa usio na jina. Sitamgombeza mtu, lakini zimwambie daktari zote, na zile za kunywa ziache kabla ya kemo mpaka akwambie, nyengine zinachanganyika vibaya na dawa kwenye ini. Kombe, zile aya zinazoandikwa sahanini zikaoshwa, kunywa, ila sahani iwe safi na lioshwe kwa maji yaliyochemshwa, si ya kisima. Na Ramadhani ikiangukia hapo, mgonjwa ameruhusiwa, usijiumize kwa kuogopa macho ya watu.

Hina usijitie kwenye kucha, na piko ndio kabisa usiiguse, kile kidude wanachokubana kidoleni kupima oksijeni kinaweza kusoma vibaya. Nywele kwa hizi dawa nyingi zinaanza kutoka wiki ya pili ama ya tatu baada ya dozi ya kwanza, kama ni ndefu zikate sasa mwenyewe kwa hiari yako, utafute mitandio ya pamba, nailoni kwa joto la kaskazi itakupika kichwa. Titi la bandia kwa sasa shona la pamba jepesi, yale mazito ngoja kidonda kipone kabisa.

Nunua thamomita sasa hivi. Malindi kila homa tunaiita malaria, mtu ananunua dawa dukani analala. Ukishaanza kemo hio imekwisha. Ikigonga 38 ni hospitali hapo hapo, hata saa nane za usiku, usimeze Panadol kwanza ukangoja, na ukifika mlangoni neno la kwanza ni "niko kwenye kemo". Malaria watapima pia, lakini huko huko. Kwa hivo hizi wiki za kungoja tafuta mwenye tuktuk anaeshika simu usiku, na lala kwenye neti.

Usiku usingizi utakataa, ndio, na utahisi titi lisilokuwepo linawasha. Inatokea. Wanaokuja kukuhadithia fulani alikufa na fulani alikufa, wawekee dada yako mlangoni awe anawaambia umelala.

Siku ya kwanza yenyewe, kunywa maji ya kutosha tangu jana yake ili mishipa ionekane, vaa nguo ya mikono mipana, beba leso, ndimu, tangawizi, mfuko wa plastiki, chaja. Ukitaka kutiwa kanula toa mkono wa upande usiokatwa, na akishika ule mwengine mwambie kwa adabu, dada, huku nimetolewa matezi. Mkojo ukitoka mwekundu siku hio ama kesho yake ni ile dawa nyekundu, si damu. Na dripu ikiingia ukasikia panachoma ama panavimba pale kwenye sindano, haswa hio nyekundu, usivumilie na usione haya kupiga kelele, waite wafunge hapo hapo, ikimwagika nje ya mshipa inaunguza nyama.